Kadi ya Mfukoni mwa Koti, Sehemu ya Tisa: Muhuri wa Zambarau

Tulimwacha Bwana Samaki kwenye baraza ya gesti kule Matema, kadi mkononi, mdomo wazi. Mmekuwa na siku saba za kubahatisha atasema nini. Basi mdomo ameufunga. Ameufungua tena. Amesema neno moja tu.

"Nani?"

Andrea akatabasamu. Alidhani anasifiwa.

"Katibu kata mwenyewe," akajibu. "Nilipanga foleni tangu saa mbili asubuhi."

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia maandazi, nikusimulie haraka haraka, maana hawa watu hawana subira.

Andrea ni fundi baiskeli wa Kyela mjini. Miezi miwili iliyopita alinunua koti la mtumba kwenye meza ya Zuena pale sokoni. Koti la nini Kyela, mji ambao hata kuku wanatembea wamepanua mabawa kwa joto? La harusi ya binamu yake, kule kwenye baridi ya Tukuyu. Kwenye bitana akapapasa kitu kigumu. Akafumua. Ikatoka kadi isiyozidi kiberiti: Mzungu mwenye kofia, rungu begani, na nyuma yake tangazo la tumbaku. Mchezo wenyewe unaitwa besiboli. Chukua rede ya wasichana, wakabidhi wanaume wenye ndevu, waongezee rungu na mshahara: ndiyo hiyo.

Rafiki yake Andrea, Dulla, ni mpishi wa gesti moja ya Matema. Hapo hufikia Mmarekani mmoja mtu mzima ambaye kila mwaka huja kununua samaki wa mawe wa ziwa letu, wale wa bluu na wa manjano. Hawali. Anawaangalia. Kwa sababu hiyo watu wa ufukweni wamemwita Bwana Samaki, na wanamwonea huruma. Alipoonyeshwa kadi mara ya kwanza aliisahau hata chai yake. Alisema mambo mawili: kwamba ataandika barua kwao, na kwamba Andrea aitunze kadi ile vizuri sana. Hakuomba kukaa nayo, na Andrea asingempa. Mtu anayenunua samaki asiowala anaweza kufanya lolote.

Barua imejibiwa. Yupo mtu Marekani anayeitaka, na bei aliyoitaja inatosha kiwanja, mbao, bati, na ng'ombe wa kusindikiza.

Kiwanja ndicho kiini cha habari yote. Mama yake Andrea, Tusekile, ni mjane wa Katumba Songwe, na nyumba yake iko ukingoni mwa mto Songwe, mpaka wetu na Malawi. Songwe haulali ubavu mmoja. Leo umelala huku, kesho umegeukia kule, na popote unapogeukia unakula. Umeshakula mashamba mawili ya mpunga ya Tusekile, na kwa mvua hizi umefika hatua kumi na mbili kutoka jikoni kwake. Huko Ndandalo, kwenye mwinuko, Mzee Andongwisye ana kiwanja, na amemshikia Andrea mpaka Ijumaa. Leo ni Alhamisi. Na Tusekile ameapa: haendi kulala kwenye baraza ya mtu kama mkimbizi. Atatoka kwake siku atakapoambiwa ana kwake.

Haya, umetukuta. Tuendelee.

Bwana Samaki aliisogeza kadi kwenye mwanga. Muhuri wa zambarau, wa duara, ulikuwa umekaa katikati ya uso wa mchezaji kana kwamba amepigwa ngumi na serikali. Chini yake, kwa kalamu ya wino: *Nathibitisha ni mali ya Andrea, fundi.* Sahihi. Tarehe.

"Kwa nini?" akauliza. Kiswahili chake alifundishwa na wapiga mbizi, kwa hiyo ni kifupi na hakina shikamoo.

Andrea akaeleza, tena kwa fahari. Zuena alikuwa amesikia habari za barua, akaanza kutangaza sokoni kwamba yeye aliuza koti, hakuuza kadi. Andrea akaona asipojikinga atanyang'anywa. Na kinga ya karatasi kwetu ni nini? Ukizaliwa, muhuri. Ukioa, muhuri. Ukifa, ndugu zako wapange foleni ya muhuri. Karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Ndiyo maana akampelekea katibu kata, na katibu kata, mtu mwema, alichagua muhuri mkubwa.

"Nilimwomba aukandamize sana," Andrea akamalizia. "Usije ukafutika."

Dulla alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Yeye amekaa na wageni, anajua uso wa Mzungu aliyekuta nzi kwenye supu. Huu ulikuwa mbaya kuliko huo.

"Na kingo?" Bwana Samaki akauliza taratibu.

Kingo nazo zilikuwa na habari yake. Kadi ilikuwa imepinda kidogo pembe moja, na upande mmoja ulikuwa na weupe mpana kuliko mwingine. Andrea akampelekea mpiga picha wa stendi, ambaye alizinyoosha kwa mkasi pande zote nne, bila kumlipisha, ili kadi ikae vizuri kwenye ganda la plastiki la kadi ya chama.

Bwana Samaki akatafuta mahali pa kukaa. Akakosa kiti, akakaa kwenye kreti ya soda.

"Niambie tu bei," Andrea akasema. "Kesho ndiyo Ijumaa."

"Hakuna bei."

"Imeshuka?"

"Haikushuka. Imekufa."

Msomaji, mimi nilikuahidi mkasa, sikukuahidi furaha. Usinikunjie gazeti.

Andrea hakukasirika. Alicheka. Alifikiri ni namna ya kupunguza bei, kama wanunuzi wa kakao wanavyoingiza mkono gunia zima wakitafuta punje moja yenye ukungu. Akamwambia Bwana Samaki kwamba Wanyakyusa si wajinga, ataje yake naye atataja yake, wakutane katikati.

Yule mzee akainuka, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya gesti kwenye mabeseni yake. Humo walikuwemo samaki, wanapuliziwa hewa na pampu ndogo inayolia kama mbu. Akamwonyesha mmoja wa bluu, mwenye mistari, anayepatikana kwenye jiwe moja tu katika ziwa zima. Huyo, akasema, watu kwao wanamgombania. Kisha akamwonyesha wa pili, ndugu wa yule, kutoka jiwe hilo hilo. Pezi lake la mgongoni lilikuwa limechanika kidogo, kiasi cha ukucha.

"Huyu bei yake?" Andrea akauliza.

"Huyu namrudisha ziwani."

Basi akaanza kumweleza, na kwa kuwa maneno yalimwishia, Dulla akawa anayapokea na kuyaweka sawa. Kwamba kadi hizi zilitiwa kwenye pakiti za sigara kabla ya vita ya Wajerumani, zikachezewa, zikabandikwa ukutani, zikafuliwa ndani ya suruali, na akina mama wakazichoma pamoja na takataka. Zilizobaki ni chache. Na hii ya Andrea ilikuwa chache miongoni mwa chache, kwa sababu mchezaji yule alihama timu mtambo ukiwa bado unachapa, wenye kiwanda wakausimamisha. Zilitoka za wiki moja tu. Hapo ndipo bei ilipozaliwa. Lakini anayelipa bei hiyo hanunui sura. Ananunua bahati ya kwamba kitu dhaifu kama kile kimepita mikono yote ya dunia na hakuna aliyekigusa. Pembe nne zikiwa kali. Weupe wa pembeni kama ulivyotoka kiwandani, hata kama ulitoka umepinda. Bora kadi ichakae yenyewe kuliko irekebishwe.

"Kwa hiyo pembe iliyopinda ilikuwa na thamani?" Dulla akauliza.

"Kuliko iliyonyooshwa. Iliyokatwa ni kama imeghushiwa."

Dulla akamgeukia Andrea. "Ndugu yangu, ungeitupa uvunguni ukaisahau, ungekuwa tajiri. Kazi yote hii umeifanya kwa jasho lako mwenyewe."

Andrea akainama kumtazama samaki mwenye pezi lililochanika. Samaki alikuwa anazunguka beseni kwa raha zake, hajui kwamba hana bei.

Halafu Andrea akainua kichwa. Fundi baiskeli ni mtu asiyeamini kwamba kitu kimekufa mpaka akifungue mara tatu.

"Ulisema kinachopatikana kimoja tu ndicho chenye bei."

"Ndiyo."

"Kwenu huko, ipo kadi nyingine yenye muhuri wa kata yetu?"

Bwana Samaki akaigeuza kadi huku na huku. Dulla akashusha mwiko. Jambo lilikuwa na akili, nami nakiri nilipolisikia nilisimama upande wa Andrea.

"Haipo," mzee akakubali.

"Basi ni moja duniani. Ni chache kuliko ile ya kwanza."

Mzee akafikiri sana. Alijibu kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyouma.

"Uchache peke yake hautoshi, Andrea. Lazima wawepo watu wawili wanaoitaka, na kila mmoja aogope kwamba mwenzake ataipata. Ile ya kwanza ilikuwa nao mia. Hii inaye mmoja. Wewe."

Kufikia hapo ndipo pikapu ilipopiga breki nje ya gesti, mchanga ukaruka mpaka kwenye mabeseni.

Alishuka Zuena.

Zuena ni mama wa makamo, asili yake Bagamoyo, ameingia Kyela na robota moja la mitumba kichwani, sasa ana meza tatu. Tena ni mama mdogo wa Dulla. Ndiyo, msomaji, mpishi wetu ni mtoto wa dada yake, na kwa wiki nane amekuwa akila kwa Zuena na kumwambia Andrea siri. Alipomwona tu akaukumbatia mwiko kifuani.

"Shikamoo mama mdogo."

"Usinishikie miguu, we msaliti. Andrea yuko wapi?"

Wote wakatarajia ugomvi. Sheria ya soko kila mtu anaijua: kilichomo mfukoni mwa mtumba ni cha aliyenunua. Ukikuta kisu ni chako, ukikuta leso yenye kamasi ni yako vile vile. Zuena mwenyewe ndiye aliyeipigania sheria hiyo miaka yote, kwa sababu wateja walikuwa wanarudisha leso. Sasa alitaka kuigeuza.

Lakini alipowakuta kwenye mabeseni hakugombana. Alimtazama Andrea usoni, akamtazama Mzungu, akauliza mambo yamefikia wapi. Dulla akamweleza: muhuri, mkasi, pezi la samaki. Alieleza kwa kifupi, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba kwa watu wanaosafiri.

Zuena akasikiliza mpaka mwisho, akashika la mkasi tu; muhuri, kwa mtu wa soko, hauharibu kitu. Kisha akakaa kwenye ngazi, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga.

"Mie sikuja kudai yako," akamwambia Andrea. "Niliposikia habari ya barua nikafumua makoti yote ya robota lile. Makoti arobaini na moja. Vidole hivi vimeota sugu. Kwenye koti la arobaini nikaipata ndugu yake."

Bwana Samaki akayaacha mabeseni yake, akasogea.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa leso, akaifungua tabaka kwa tabaka. Kadi ilikuwa imelala kifudifudi. Tangazo la tumbaku lilionekana safi, herufi zote, hakuna doa. Bwana Samaki akapiga magoti kwenye mchanga bila kuigusa. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule. Pembe nne kali. Weupe wake, upande mmoja mpana kuliko mwingine, kama ulivyotoka kiwandani.

"Hukukata?" akanong'ona.

"Nikate nini? Mkasi una kazi ya nguo."

Mzee akafumba macho. Dulla anaapa aliona chozi.

Zuena naye akaona. Mfanyabiashara huona chozi la mnunuzi kabla halijatoka. Akamgeukia Andrea, na sauti yake ikalainika. Alisema mwaka alioingia Kyela na mzigo wake wa kwanza hakuwa na ndugu wala jungu. Tusekile alimpa debe la mchele bila kumuuliza anasali wapi. Deni hilo halina risiti, lakini yeye hajalisahau.

"Hii ikiuzwa," akasema, "kiwanja cha mama yako nanunua mie. Leo hii. Tunapitia Ndandalo na pikapu hii hii."

Andrea akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alitoa neno moja la nyumbani, "Ndaga," ambalo ni ahsante, akalirudia mara tatu.

Nami ningependa niishie hapa. Ningependa sana. Lakini mhariri ameniachia nafasi bado, na Bwana Samaki alikuwa ameshainua mkono ili aigeuze kadi.

"Usiwe na wasiwasi nayo," Zuena akamwambia kwa madaha. "Kijana kapiga mmoja. Mie nimepiga mitatu."

Akaigeuza.

Mchezaji hakuwepo. Palikuwa na muhuri wa soko, muhuri wa kata, na muhuri wa ushirika wa mpunga, huu wa tatu kwa sababu karani wake alikuwa jirani na hakutaka aachwe. Kilichobaki cha Mzungu wa watu ni ncha ya rungu.

Bwana Samaki akairudisha kifudifudi. Zuena aliwatazama mmoja mmoja. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Akaikunja leso tupu, akairudisha kifuani, akavaa kiatu chake.

"Mihuri mitatu," akasema, kama anajisomea. "Na nikawapelekea soda."

Bwana Samaki alizinunua kadi zote mbili. Si kwa yule wa Marekani, kwa ajili yake mwenyewe, na sijui kama alizinunua au alitoa ubani. Alitoa noti tano za elfu moja moja. Zuena alizitazama, akazisukuma zote kwa Andrea kwa ncha ya kidole, akapanda pikapu. Njia nzima mpaka Kyela hakutukana mtu. Dulla aliniambia hapo ndipo alipoogopa.

Ijumaa asubuhi Andrea alikuwa Ndandalo na baiskeli yake. Alikuwa na noti tano, koti begani ambalo nalo alitaka kuliweka rehani, na hotuba aliyoitunga njia nzima. Angemwomba Mzee Andongwisye wiki mbili. Angemtengenezea baiskeli za ukoo mzima mpaka wajukuu.

Mzee Andongwisye alimpokea vizuri. Akamkaribisha, akaitikia salamu zote za Kinyakyusa mpaka za ng'ombe, akaagiza aletewe ndizi za kuchoma. Andrea alipofungua mdomo aanze hotuba, mzee akainua mkono.

"Kula kwanza, mwanangu. Habari mbaya haitaki tumbo tupu."

Akaelewa kabla hajaambiwa. Nyuma ya nyumba, kwenye mwinuko ule, vilisikika vishindo vya nyundo. Watu watatu walikuwa wanapigilia vigingi. Mnunuzi binafsi wa kakao, mmoja wa hawa waliotufurika tangu biashara ilipofunguliwa, alikuja juzi na fedha mkononi, anataka pa kujenga ghala. Wazee wa ukoo waliitwa, watoto wa mzee wakaitwa. Mzee alisema neno lake ni kwa Andrea mpaka Ijumaa. Wanawe wakamwuliza Andrea ana nini. Mzee akasema ana kadi.

"Wakacheka," Mzee Andongwisye akasema. "Neno ni langu, lakini miguu iliyokwenda ofisini kuandikisha ni yao. Nisamehe, mwanangu."

Andrea akaweka ndizi chini. Akauliza kama kuna kipande chochote, hata cha kwenye bonde. Mzee akatikisa kichwa. Akauliza kama mama yake anaweza kukaa kwa muda kwenye kibanda cha nyuma. Mzee akasema anaweza, hata leo, hata mwaka mzima. Lakini wote wawili walimjua Tusekile. Kibanda cha nyuma cha mtu ndicho hicho alichoapa hatakilalia.

Ndizi zilikuwa bado hazijapoa Jackson alipoingia uani na baiskeli.

Jackson ni jirani wa Tusekile kule Katumba Songwe. Alikuwa na matope mpaka mapajani, na baiskeli haikuwa na mnyororo. Maana yake alikuwa ameisukuma sehemu kubwa ya njia na hakuwa na akili ya kuiacha.

"Mto umehama," akasema.

Andrea akasimama.

"Alfajiri. Maji yameshuka kutoka milimani kwa mpigo mmoja. Haukuja mbele, umepita nyuma. Umekata katikati ya migomba."

"Na nyumba?"

"Nyumba ipo. Ila iko ng'ambo."

Andrea hakuuliza tena. Kutoka Ndandalo mpaka Katumba Songwe alikimbiza baiskeli yake kama mwizi, Jackson amekaa kiti cha nyuma. Koti lilimdondoka njiani, hakugeuka.

Watu wengi walikuwa wamejaa kwenye migomba, wamesimama tu, mikono kichwani. Mto ambao jana ulikuwa mbele ya nyumba ya mama yake leo ulikuwa nyuma yake, mwekundu, mpana kiasi cha mtu kurusha jiwe kwa nguvu ndipo lifike. Ng'ambo ya pili, kwenye ulimi wa ardhi uliobaki, nyumba ilikuwa imesimama peke yake na moshi unatoka jikoni. Nchi imehama, na mwanamke yule hajanyanyuka kwenye kigoda chake. Kwa hesabu ya mto alikuwa ameshaamkia Malawi, anapika uji.

Ukingo wa upande wake ulikuwa unameguka kwa vipande, kila kimoja ukubwa wa mlango. Kimoja kilikwenda na banda la kuku.

Mitumbwi miwili ya kijiji ilikuwa imechukuliwa na maji alfajiri ile ile. Wa tatu uko Ngonga, na mwenyewe ametuma neno kwamba havuki mpaka jioni, maji yakipungua. Hapakuwa na la kufanya ila jambo moja. Kando ya nyumba, ng'ambo huko huko, hatua hamsini hivi, kulikuwa na kichuguu kikubwa chenye mti juu yake. Mama akitoka ndani akapanda pale, angeweza kungoja mtumbwi hata kesho. Akibaki ndani, nyumba haidumu saa mbili.

Watu walikuwa wamemwita tangu asubuhi. Alikuwa anatokeza kichwa mlango wa nyuma, anawajibu kwa adabu, anarudi kwenye chungu chake.

Andrea akajipenyeza mpaka mwisho wa ukingo. Akaweka mikono mdomoni.

"Mama."

Tusekile akatoka mlangoni. Alikuwa mdogo sana kwa mbali, na kanga ya kichwani ameifunga vizuri kama mtu anayekwenda kanisani. Alimtambua mwanawe. Akasogea mpaka penye ua uliobaki.

"Umeshakula?" akaita.

"Mama, toka ndani. Panda kwenye kichuguu, mtumbwi unakuja."

"Nitoke niende wapi?"

"Panda kwenye kichuguu."

"Nakuuliza, Andrea. Kiwanja kimepatikana?"

Watu wote kwenye migomba walimgeukia. Maji yalikuwa yanapiga kelele, lakini swali lile kila mtu alilisikia. Jackson akatazama chini, maana yeye alizisikia nyundo za Ndandalo.

Andrea hajawahi kumdanganya mama yake. Hata alipokuwa mdogo akiiba sukari alikuwa anakiri kabla hajaulizwa. Akiona kipande kingine cha ukingo kinaondoka, hiki na mgomba wake, alijaza kifua pumzi.

"Kimepatikana, mama. Ni chako. Kina jina lako."

Tusekile akasimama bila kutikisika. Kisha akaingia ndani, na Andrea akapiga magoti, akidhani amemkosa. Lakini hakukaa. Akatoka na kapu la vyombo, akalitua kichwani. Akaufunga mlango nyuma yake, kwa makini, kama mtu anayehama. Akatabasamu, meno yake yakaonekana mpaka ng'ambo hii.

Kichuguu kilikuwa mkono wake wa kushoto. Hakukitazama. Nani apande kichuguu na ana kwake Ndandalo?

Andrea alipiga kelele arudi. Jackson naye, watu wote nao, kwa pamoja mpaka maneno yakachanganyikana, wakipunga mikono. Kwa mbali, na kwa mshindo ule wa maji, mikono inayopungwa yote inafanana. Tusekile aliona kijiji kizima kinamwita nyumbani.

Akapandisha kanga mpaka magotini, akashika kapu kwa mkono mmoja, akaingia mtoni.